Mashini inafula, lakini inakataa kukamua

Ilikuwa siku ya Mungu, mangaribi, hapa kwetu Kolwezi. Salopeti tatu za kazi zilikuwa zimemaliza kufulwa. Mama watoto akazitosha upande wa kufula, akazitia mu kitunga cha kukamua, akafunga kifuniko, akageuza minuteri. Mashini ikalia mmmmm. Kitunga hakikuzunguka hata kidogo. Akazima, akawasha tena: mmmmm. Mara ya tatu harufu ya kitu kinachoungua ikaanza kutoka chini, nami nikakimbia kutosha fishi mu prizi.

Salopeti zile ni za mutoto wetu mukubwa. Anatumika mu kampuni ndogo inayopewa kazi ndani ya mugoti, na juma lile alikuwa posti ya usiku. Kila mutu anayeishi na mufanyakazi wa mugoti anajua: bila salopeti, bote na kaske, pa mulango hawakuachi upite, na siku inakatwa ku mushahara. Basi mama watoto akashika salopeti upande huu, mudogo wake akashika upande ule, wakazinyonga kama kamba, maji yakimwagika mpaka ku miguu. Kitambaa kile ni kinene, kikishiba maji kinakuwa kama ubao. Asubuhi nguo zilikuwa zingali na maji, na mama watoto hakuweza kufunga vifungo vya shati ya mutoto wa masomo juu ya vidole kuvimba.

Tukaita fundi mumoja anayepitaka mu avenue yetu. Hakufungua kitu. Alisikia ile mmmmm, akasema: "Moteri iliisha kuungua, baba. Dola makumi ine na tano, na mashini ninaenda nayo." Dola 45! Mashini yenyewe tuliinunua 130. Nilikuwa karibu kukubali, maana mwanaume akichoka na mambo ya nyumba anakubaliaka haraka. Mama watoto njo alikataa. "Kama moteri iliungua, mbona ingali inalia? Tungoje kwanza, Papa."

Kungoja kwake kulituokolea pesa. Ninaandika haya kwa sababu mashini ya namna ile, yenye mifuniko miwili, upande mumoja wa kufula na mwingine wa kukamua, tunaiona mu nyumba mingi za wafanyakazi, na ugonjwa wake wa kwanza ni ule ule: inafula vizuri, lakini mafundi wanasema "esoraji haifanye." Mara mingi moteri yake iko nzima.

Mzee anafika na multimetri

Siku ya pili mama watoto alienda kumwita mzee mumoja wa mutaa wetu, aliyetumika miaka mingi ku umeme wa mugoti na sasa yuko pansioni. Alifika asubuhi, akatia fishi, akageuza minuteri bila kutia nguo. Kitunga kikazunguka! Kikalia kama ndege inayotaka kupaa. Watoto wakacheka, mimi nikaona haya.

"Hapana kucheka," mzee akasema. "Munafulaka saa gani?"

"Mangaribi, Mzee. Asubuhi hatuna maji, na mutoto analala."

"Basi nitarudi mangaribi."

Akarudi kweli, na multimetri yake ya zamani ndani ya soksi. Asubuhi alikuwa amepima prizi, ikasema volti 214. Mangaribi, saa ile kila nyumba iko na reshu ya umeme inayopika bukari, prizi ile ile ikasema 171. Halafu akapima ku mwisho wa ralonji yetu, ile nyembamba nyeupe tuliyoinunua pa soko, mita kumi: 160.

Mashini imetengenezwa kwa volti 220. Mutu anaweza kuwaza: 160 juu ya 220 si mbaya, ni karibu robo tatu. Moteri ya namna hii haihesabu vile. Nguvu yake ya kusukuma inashuka kwa hesabu ya volti mara volti. Kwa 160, inabakia na nusu tu ya nguvu yake, na kidogo juu. Nusu ya nguvu inaweza kuendelea kuzungusha kitunga kilichokwisha kuanza, lakini kukianzisha kikiwa kizito, hapana. Moteri inabakia palepale, inalia, inakula umeme mingi kuliko kawaida, inapata moto. Ndani yake muko kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi. Mashini inanyamaza kabisa, mutu anasema imekufa. Nusu saa kisha inafufuka.

Inauma kidogo kusema hivyo mu muji huu. Waya mukubwa wa umeme unaotoka Inga, wa kilometa karibu 1 700, unafikia hapa Kolwezi tangu mwaka 1982. Nzilo na Nseke, ku Lualaba, si mbali na sisi. Na mangaribi mama anahesabu volti mbele ya kufula salopeti.

Mwenye kukosa multimetri aangalie ampule. Lakini aangalie ya zamani, ile yenye waya ndani. Ikiwa nyekundu kama makala inayozima, usikamue saa ile. Ampule mpya za LED zinadanganya, zinaweza kuwaka vilevile hata umeme ukishuka sana. Pia jaribu mashini bila nguo, asubuhi sana au usiku watu wakiisha kulala. Ikizunguka saa ile na kukataa mangaribi, moteri haijaungua, usilipe moteri.

Ralonji iondoke, ao iwe fupi na ya waya munene. Stabilizateri inasaidia, lakini si ile ndogo ya televizyo: moteri inapoanza inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapoendelea, na stabilizateri ndogo inaanguka pale pale. Mbele ya kununua, soma wati ku kibandiko cha mashini na umuombe muuzaji ile inayopita mbali hesabu hiyo.

Kitu kimoja tena kuhusu umeme, maana kilitudanganya sisi wenyewe mara mbili. Minuteri ya mashini hizi, mara mingi, inatembea na springi kama saa ya zamani. Umeme ukikatika, yenyewe inaendelea tik-tik-tik mpaka sifuri. Unatoka inje, unarudi, minuteri imefika, nguo zingali zinatoa maji, unasema mashini haikamui tena. Kumbe umeme ulienda ukarudi na haukujua.

Salopeti si shati

Umeme hauna kosa peke yake. Mzee alipoona salopeti tatu ndani ya kitunga kimoja, alitikisa kichwa.

Salopeti ya kitambaa kinene, ikiwa mikavu, inakaribia kilo moja. Ikishiba maji inapita kilo mbili. Tatu ni sawa na kutia mufuko mudogo wa udongo ndani ya kitunga. Ku kibandiko cha mashini muko hesabu mbili, na watu wanasomaka moja tu: kilo za kufula na kilo za kukamua. Ile ya pili ni ndogo. Salopeti mbili kwa mara moja zinatosha, na kama umeme uko chini, moja. Uikamue kidogo na mukono kwanza, ao uitundike dakika kumi ijichuje yenyewe. Halafu uikunje na kuizungusha ndani ya kitunga, uzito uwe sawa pande zote, uibonyeze chini, na utie juu yake kile kisahani cha plastiki chenye matundu kilichokuja na mashini. Nyumba mingi zimekitupa ao mutoto anachezea. Bila kisahani kile, mukono wa salopeti unapanda, unatoka juu ya kitunga, unajifunga pembeni, na kila kitu kinasimama.

Kitunga kikianza kuzunguka na kupiga mashini yote ku ukuta gu-gu-gu, uzito umeenda upande mumoja. Zima, fungua, panga tena. Usikae juu ya mashini kuituliza, kama nilivyoona jirani mumoja akifanya.

Pia kuna maji. Mashini nyingi za mifuniko miwili hazina pompi. Maji yanashuka yenyewe kwa tiyo. Kwetu tiyo ilipanda ku dirisha ili maji yaende inje ya parseli. Kwa hiyo maji yalibakia chini ya kitunga, na kitunga kilikuwa kinajaribu kuzunguka ndani ya maji kama mutu anayekimbia mu mutoni. Tiyo ilale chini, bila kujikunja, mwisho wake uwe chini kuliko mashini. Kama nyumba iko chini na fereji iko juu, pandisha mashini juu ya matofali yaliyosimama imara.

Soksi, freni, na kile kidude cha mviringo

Mambo ya mbele hayaombi fundi. Ya sasa yanaomba mukono wenye akili, na kitu cha kwanza ni hiki: fishi itoke mu prizi. Minuteri kuwa ku sifuri haitoshi. Miguu ikauke, uvae sandale. Nyumba zetu mingi hazina waya wa ardhi, na sakafu imejaa maji. Mashini ikikupiga umeme hata kidogo unapoigusa, isifanye kazi tena mpaka ipimwe.

Fishi ikitoka, fungua kifuniko na uzungushe kitunga na mukono. Kikiwa kigumu, kuna kitu kinakishika. Mara mingi ni soksi, ao leso, iliyopita juu ya kitunga na kuanguka kati ya kitunga na ukuta wa plastiki. Inajifunga chini ku shina, inakaza kama kamba. Inatoka kwa kuvutwa polepole na waya uliopindwa, ukizungusha kitunga kinyume. Tulipata soksi ya mutoto na kipande cha mufuko wa plastiki.

Kama hamuna kitu na kitunga kingali kigumu, ni freni. Kifuniko cha kukamua kinafanya kazi mbili: ukikifunga kinaruhusu umeme kufika ku moteri, na kinavuta kamba nyembamba inayofungua freni. Ukikifungua, umeme unakatika na freni inashika. Kamba ile ikilegea ao kuingia kutu, freni inabakia imeshika hata kifuniko kikifungwa, na moteri inalia bure. Na kifuniko kikipinda, ao ile pembe yake ndogo ya plastiki ikivunjika, umeme haufiki kabisa: hapo hausikii hata ile mmmmm. Basi sikiliza vizuri. Kunyamaza kabisa ni ugonjwa wa njia ya umeme: kifuniko, minuteri, waya uliokatwa na panya. Kulia bila kuzunguka ni ugonjwa wa nguvu ao wa kushikwa.

Kuna watu wanaofunga kile kifaa cha kifuniko na waya ili mashini izunguke ikiwa wazi. Ninawaomba wasifanye. Kitunga kinazunguka mara 1 300 hivi kwa dakika moja, na mukono wa mutoto unaingia mbele ya mama kugeuka. Vilevile wale wanaosukuma kitunga na mukono, umeme ukiwa ndani, ili "kukiamusha". Kinaamuka kweli, na salopeti inakamata mukono.

Kitunga chetu, soksi ikiisha kutoka, kilizunguka vizuri na mukono, lakini na umeme wa mangaribi kilianza polepole sana, ao hakikuanza. Mzee akageuza mashini, akafungua kifuniko cha nyuma, akaonyesha kidude cheupe kilichofungwa pembeni ya moteri. "Huyu njo anasukumaka moteri ianze." Ni kondansateri. Moteri za namna hii, peke yake, hazijui kuanza; kondansateri inazipa msukumo wa kwanza. Juu yake muliandikwa 5, maana yake mikrofaradi 5, na volti 450. Mzee akaipima: 2,6. Nusu ilikuwa imekwenda.

Inakufa polepole, kwa joto na kwa ule mupigo wa umeme unaporudi kisha kukatika. Ikifika nusu, mashini inaweza kutumika asubuhi, volti zikiwa nyingi, na kukataa mangaribi. Njo ile hadithi yetu yote. Mpya ilituomba dola 3 pa duka la vifaa vya umeme. Ni lazima nambari iwe ile ile, na volti zisipungue. Mashini zingine ziko na kondansateri moja yenye nambari mbili, moja ya moteri ya kufula na moja ya kukamua, usigeuze waya. Na mutu asiyejua umeme asiguse ile misumari yake miwili, hata fishi ikiwa inje: kondansateri inaweza kubakia na umeme ndani na kukupiga. Fundi anajua namna ya kuumaliza mbele ya kuishika.

Ile ya kioo mbele

Wengine wako na automatiki, ile ya kufunguka mbele, mara mingi ya okazio iliyotoka Bulaya. Hiyo haisumbuliwi na soksi kwa njia ile ile. Inajipima yenyewe. Kama inasikia maji ndani, haikamui. Kama uzito uko upande mumoja, inajaribu mara moja, mara mbili, mara tano, halafu inaacha na kusimama, na nguo zinatoka na maji. Blanketi moja peke yake inaweza kufanya vile, ao koti moja nzito ya mvua. Ongeza nguo mbili tatu, ao panua ile blanketi, uanze tena.

Maji yakibakia ndani, fungua ule mulango mudogo chini mbele, mara mingi upande wa kuume. Muko filtri ya pompi. Tosha fishi, weka beseni la chini na nguo kuukuu, fungua polepole, maana maji yatakuja. Kwa jirani yetu, bwana wa mugoti pia, tulitosha ndani: bulo moja, kipande cha waya, kijiwe cha rangi ya majani kibichi, na matope mekundu ya kujaza kikombe. Pompi haingeweza. Sabuni ya unga ya kufula na mikono nayo ni adui wa mashini hizi: inatoa povu mingi, na povu linaizuia kukamua. Tia kidogo sana.

Ukisikia moteri inazunguka lakini ngoma imesimama, mukaba wa nyuma umeanguka ao umekatika. Kama moteri ya zamani haisikiki kabisa, hata wakati wa kufula, fundi aangalie makala zake, vile vijiti viwili vyeusi vinavyogusa katikati ya moteri. Zikiisha kuwa fupi zinabadilishwa mbili pamoja, na si bei ya moteri. Mwenye kununua mpya ndani ya katoni akumbuke bulo kubwa za nyuma zinazoshika ngoma kwa safari: zitoke mbele ya kuwasha. Na azichunge vizuri. Siku akihamia Likasi na lori, bila bulo zile ngoma itapiga mpaka ivunje kinachoishikilia.

Matope, na kile kisichoonekana

Mzee alimaliza kazi yake, lakini mama watoto aliuliza swali ambalo mimi sikuliwaza: "Na haya matope, Mzee, si njo yanaua mashini?"

Ndiyo. Masika, kuanzia mwezi wa kumi na moja, salopeti inarudi na udongo mwekundu. Kiangazi inarudi na vumbi. Udongo ule ni mulaini, unashuka chini ya maji, unaingia ku freni, ku filtri, ku tiyo, unakauka na kuwa saruji. Salopeti isiingie mu mashini moja kwa moja. Kwetu sasa maji ya mwisho ya kusuuza nguo za nyumbani hayatupwi. Yanaingia mu beseni kubwa inje, na salopeti inalala ndani yake kwanza. Kwa bidoni za litre 20 zinazobebwa na mikono, hiyo ni hesabu nzuri. Mifuko yote inageuzwa inje. Mutoto wetu alikuwa na boksi moja ya maziwa, sasa imejaa bulo na vijiwe.

Salopeti haichanganywi na nguo za watoto. Hapa sitaki kuogopesha mutu, lakini tuseme kweli. Vumbi la kobalti linaweza kudhuru mapafu na ngozi. Mwaka 2009, wachunguzi wa université za Lubumbashi na Louvain waliandika kwamba watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti mingi ndani ya mukojo, na watoto zaidi. Vumbi linatoka njia mingi: barabara, lori, upepo. Nguo ya kazi ni njia ambayo nyumba inaweza kuifunga. Usiikung'ute ndani. Usiilalishe ku kitanda. Maji ya lile beseni la kwanza yasimwagwe pa bustani ya matembele.

Kwa wale wanaotumika ku elektrolizi, pale aside inaruka na kutoboa nguo, salopeti isuuzwe upesi, peke yake, kwa maji mingi, na mikono ikiwa ndani ya ganti. Kitambaa chenye aside kinatoboka baadaye, nyumbani, na chuma cha mashini kinaliwa vilevile. Kampuni iliyo na mahali pa kufula, nguo zifulwe kule kule. Na kwa maoni yangu, mufanyakazi wa kampuni ndogo anayeingia mugoti ule ule, vumbi lile lile, anastahili kufuliwa kule pia. Kwa sasa ni mama zetu wanaofanya kazi hiyo bila ganti na bila mushahara.

Mbele ya kutosha pesa

Turudi kwa yule fundi wa kwanza. Sisemi alikuwa mwizi. Labda alikuwa na haraka. Lakini moteri iliyoungua inajulikana. Harufu yake haipotei siku moja, waya zake ni nyeusi, ao inaangusha dijonteri ya nyumba kila ukiwasha. Fundi mwenye multimetri anaweza kupima waya za moteri dakika tano, mbele ya macho yako: kama umeme unapita ndani na hautoki ku chuma, moteri inaishi. Asiyetaka kupima, mashini isitoke na yeye. Ikibidi itoke, muandikiane ku karatasi, na kitu cha zamani kirudi nyumbani, hata kikiwa kibovu.

Mzee alitia kondansateri mpya, akakaza kamba ya freni, akashusha tiyo. Ralonji tukaiondoa, mashini ilisogezwa karibu na prizi ya jiko. Aliomba dola 10 na sahani ya bukari na samaki, akala kwanza. Mangaribi yale prizi ilisema 173, karibu sawa na mbele. Mama watoto akatia salopeti mbili, akaweka kisahani juu, akafunga. Mashini ikalia mmm, ikasita kidogo, tukatazamana, halafu kitunga kikaanza, polepole, kisha kwa nguvu, na maji yakatoka ku tiyo mekundu.

Salopeti ya tatu ilingoja zamu yake mu beseni.